Kiti cha Denmark Kilichotoka Matanga

Mama,

Chai iko kwa themosi. Maharagwe nimeyaepua, ukirudi kutoka kanisani uyakaange. Nimeenda Lubao kutafuta msasa. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi jioni.

Watu wa matanga ya Mzee Wanjala wamerudisha viti asubuhi, na hongera, hakuna kilichopotea. Hata changu cha Denmark, kile nilichokitoa kwa banda la kuku huko Lugari, nikakisugua miezi minne mpaka mbao zake za miaka ya hamsini zikang'aa tena. Sasa mgongoni umekiandika MAMA TRACY kwa rangi nyekundu ya mafuta, herufi kubwa kama za bucha.

Najua, kiti bila jina hakirudingi kutoka matanga. Lakini huyo kifungua mimba wako yuko Nairobi, na hajawahi kushika hata msasa.

Tafadhali usikisugue na mafuta ya taa kutoa hiyo rangi, utakimaliza.

Kilikuwa zawadi yako ya Krismasi. Ungekipindua ungeona kina jina tayari, nimelichonga chini kwa herufi ndogo: Abigail. Hilo ndilo jina lako, kama umesahau.

Ni mimi,
ndugu yake Tracy