Namba Nzuri za Mama

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize maana sina pa kulisema hili. Mimi ni mbunifu wa programu za simu, nimetengeneza moja ya wagonjwa wa kisukari, mgonjwa akijipima sukari anaandika namba yake, ikiwa nzuri kikatuni kinacheka, ikiwa mbaya kinalia, na wa kwanza kuijaribu alikuwa mama yangu mzazi, namba zake nikiziona kwenye simu yangu, na kila kikatuni kilipolia nilimpigia hapohapo, "Mama, umekula nini tena?" halafu baada ya wiki tatu kikawa kinacheka tu, saba, sita, saba, nikafurahi, nikaacha hata kupiga, kumbe alikuwa anabuni namba. Alipozidiwa akalazwa, nesi alifungua kumbukumbu za kipimo chenyewe akakuta kumi na tisa, ishirini na mbili, sukari ya hatari. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini?" Akasema, "Nilichoka kugombezwa, mwanangu. Na kazi yako ilikuwa inapendeza ikicheka." Siku ya nne akafariki. Sasa bosi wangu, asiyejua lolote, anataka kupeleka namba za mama kliniki kama ushahidi kwamba programu inafaa, na kaka yangu ananiambia, "Mama amepumzika, usimwite mwongo," nami kila nikifika mlangoni kwa bosi nimwambie, narudi. Nifanyeje?

Binti wa marehemu

Pole, binti yangu. Pole sana. Lakini nitakusema kidogo. Ulimtengenezea mama yako kitu bila kukaa naye umuulize anakitaka kiweje. Mtu anayeishi na ugonjwa kila siku ya Mungu hahitaji kikatuni cha kumsuta. Tena ulimpigia alipokosea; ulipodhani anafanya vizuri, ukapotea. Hilo ni kosa lako, likubali. Kifo chake si kosa lako, kiache. Na mama hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka, na uchovu huo ndio bosi wako anaotakiwa kuujua.

Kesho asubuhi ingia ofisini kwake, weka kipimo na simu mezani. Ukishindwa kusema, mwonyeshe tu. Namba zile zisifike kliniki, kuna watu watazitegemea. Kikatuni kiondoe. Namba ikiwa mbaya, simu imuulize mgonjwa anajisikiaje, na taarifa iende kwa nesi. Ndugu wazione namba pale tu mgonjwa mwenyewe akiruhusu. Kabla ya kubuni kingine chochote, kaa na wagonjwa, unyamaze, wakueleze. Kaka yako akikasirika, mwambie nimekutuma mimi.

Barua nzima hujaniambia kama umelia. Omba ruhusa kazini, nenda kwa kaka yako, mkamlilie mama yenu pamoja.