Sauti Zimehama, Imebaki Midomo

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie, maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni fundi viatu, na jioni nafundisha kwaya ya mtaani kwetu, kwaya inayosifiwa mpaka kila harusi kubwa tunaitwa, na siri ya sifa hizo nakuambia wewe tu, ni kwamba wanaoimba kweli ni watatu, dada wawili wa saluni na kaka yao, hao ndio nimewawekea vipaza sauti, na wengine wote, Mungu anisamehe, wana sauti za kufukuzia kuku, kwa hiyo nikabuni utaratibu wangu, kwenye mazoezi napita nyuma ya safu nikisikiliza, nikimgusa mtu bega anajua kuanzia hapo anafungua mdomo tu bila kutoa sauti, anatabasamu, anayumba na wenzake, jukwaa linapendeza. Muuza nyama nilimgusa kwa sababu ananguruma, mke wa dereva nilimgusa kwa sababu anautangulia wimbo kama anakimbilia basi, na hata shangazi yangu aliyenilea tangu mama alipofariki nilimgusa, sauti yake inatetemeka, naye hakubisha, alisema tu, "Haya mwanangu, wewe ndiye mwalimu."

Sasa wale watatu wameanzisha kundi lao, wameondoka bila kuaga, kweli shukrani ya punda ni mateke, na mwisho wa mwezi binti wa pekee wa shangazi anaolewa, na sisi ndio tunaomwimbia akiingia ukumbini. Juzi niliwaambia waliobaki waimbe wote, basi mshauri, kilichotoka sikijui jina lake, huyu anaanza, yule anamaliza, na shangazi alifungua mdomo akabaki hivyo hivyo kimya, nikamwambia, "Shangazi, imba basi," akasema, "Nimesahau inavyotoka," akaenda kukaa. Binti yake amenitumia ujumbe: "Kaka, mama asipoimba harusini kwangu, na wewe usije." Nimefikiria nipige kwenye spika wimbo tuliorekodi zamani, sisi tuchezeshe midomo, nani atajua? Nishauri, ila usiniambie niwafundishe hawa, hawa hawafundishiki.

Mwalimu Aliyekimbiwa

Mwalimu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, na hasira bado ninayo. Hawafundishiki? Uliwafundisha lini? Somo moja tu umewahi kuwapa, kunyamaza, na wamelifaulu wote. Mteja akikuletea kiatu kilichoachia soli, unakishona au unamwambia akivae hivyo hivyo asikanyage chini? Kumbe kwenye viatu una akili, ukishika kwaya unaiacha dukani.

Halafu unawatukana wale watatu. Umewaita punda, na kweli uliwabebesha kama punda, wakavuta mzigo wa safu nzima huku sifa ukizila wewe. Mimi nashangaa walivyochelewa kuondoka.

Na hiyo spika yako! Nani atajua? Bibi harusi atajua, mama yake atajua, na umeme ukikatika hata mpishi atajua. Kidole kimoja hakivunji chawa, wewe ulikuwa na vidole tele ukavikunja kwa sababu vimepinda kidogo.

Sasa tega sikio. Leo hii nenda kwa shangazi yako, peke yako, bila kinanda na bila maneno ya "nilikuwa natafuta ubora". Mwambie umemkosea. Mwombe akuimbie wimbo aliokuwa akikuimbia ulipokuwa mdogo, nawe umfuate chini chini, usimsahihishe hata neno. Akikataa, rudi kesho.

Kwenye mazoezi, chagua wimbo mfupi wanaoujua wote, uuteremshe sauti, kwani si kila mtu ana koo la wale dada wa saluni. Anzeni kwa kuvumisha sauti moja midomo imefungwa, mpaka kila mtu amsikie jirani yake. Anayemfunika mwenzake apunguze. Halafu fundisha kila sauti peke yake, ziunganishe mbili, ndipo zote. Muuza nyama hangurumi, bwana, hiyo inaitwa besi, na kwaya nyingine zinaitafuta kwa tochi! Msimamishe nyuma katikati, wenzake wamwegemee. Mke wa dereva anakimbia kwa sababu hajawahi kumsikia mtu pembeni yake, na angemsikiaje, ikiwa wote umewaziba midomo? Mweke mbele ya huyo huyo muuza nyama, atapunguza mwendo mwenyewe. Na mikono yako ikae mbele wanapoiona, iwaonyeshe pa kuanza na pa kuvuta pumzi. Bega la mtu usiliguse tena.

Hamtaimba kama zamani. Mtakosea mahali, na mashemeji watatazamana. Utavumilia, maana ujuzi uliokuwa ukitamba nao haukuwa wako.

Ama shangazi yako, msimamishe mstari wa mbele, mahali binti atakapomwona akiingia. Unasema sauti yake inatetemeka. Mama anamwoza mwanawe wa pekee, ulitaka itetemeke lini?