Mursik ya Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Juni
Umepotea sana wewe Tabitha. Wiki tatu daftari imelala chini ya godoro, na unasingizia ng'ombe. Mwalimu wa ngumbaru alikuonya: usipoandika, herufi zinakimbia. Haya. Nimekamua. Mvua imenyesha. Binti yangu Chebet amekuja kutoka Moiben, alikoolewa, akilia. Hata matanga ya bwana yake hayajapoa, mashemeji wanataka atoke kwa shamba. Mahindi yamefika magotini. Aliyapanda yeye.

Jumatano, 6 Juni
Redio. Bungeni kuna mswada wa mjane kubaki kwa shamba la bwana yake. Mheshimiwa wetu amesimama akaupinga. Eti ni mambo ya wazungu, mila yetu inatosha, na wamama wa kwake hawautaki. Wamama gani? Mimi hakuniuliza. Nilizima redio. Nikaiwasha tena nimtukane vizuri.

Ijumaa, 8 Juni
Mashemeji wamekimbilia kwa chifu wa Moiben. Wamesema Mheshimiwa mwenyewe ameshanena. Chifu amekubali: Chebet atoke mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 11 Juni
Mheshimiwa ana baraza hapa Jumamosi. Wamama wa kikundi wamenichagua nimpe mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwa kibuyu, kwa sababu mimi ndio mkubwa wao. Mwenyekiti wa chama alikuja kunipanga: nimpe, nipige vigelegele, nikae chini. Nikamwambia nimesikia. Kusikia nimesikia.
Kibuyu nimekisugua na mkaa wa mti mpaka kinanukia. Maziwa mazuri. Siwezi kuharibu maziwa kwa sababu ya siasa.

Jumamosi, 16 Juni
Nimeshinda. Nitaandika yote.
Kwetu mgeni wa heshima hahutubii kabla hajanywa. Mheshimiwa akanyoosha mikono. Mimi nikakumbatia kibuyu. Mwenyekiti akakohoa. Niliogopa, nisijidanganye. Watu wamefungwa kwa maneno madogo kuliko haya.
Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako alibaki mjane wewe ukinyonya. Alilima Moiben kule mpaka ukavaa viatu. Angefukuzwa, leo ungesimama Bunge gani?"
Akaangalia chini. Wamama wakaanza kusimama nyuma yangu, mmoja mmoja. Hata Rael, ambaye huogopa kuku wake mwenyewe.
"Mama, nimekosa. Nipe maziwa," akasema.
"Mwambie chifu kwanza. Chebet wangu anafukuzwa kwa maneno yako."
Akamgeukia chifu wa Moiben, aliyekaa karibu naye. Akasema mbele ya watu wote kwamba mama yake hakufukuzwa, na Chebet pia hafukuzwi. Chifu akavua kofia, akakubali. Hapo ndipo nikampa. Alikunywa mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Vigelegele! Nafikiri hata Moiben walisikia.

Jumanne, 26 Juni
Redio tena. Mswada umeanguka. Mheshimiwa hakuupinga mara hii, hakuuunga mkono pia. Alisema tu wamama wa kwake wana lao la kusema. Mwoga. Lakini hatatusemea tena bila kuuliza.
Chebet amerudi Moiben. Anapalilia. Shemeji mmoja amemsalimia.
Nimeosha kibuyu, nimekitundika. Nyumba imenyamaza bila Chebet. Sawa tu.
Wewe Tabitha, ukifungua daftari tena, usianze na Bunge. Pitia Moiben kwanza, halafu andika hapa mahindi yake yamefika wapi.