Jiwe Langu la Kusagia Limepakwa Chokaa

Papa anakuja Lodwar, na Akiru wako ndiye atakayeimba zaburi mbele yake, peke yake, kwa Kiturkana, na kipaza sauti.

Haya, sasa nikusalimu. Ejok, Baba Akiru. Najua ulipenda mtu aanze na salamu, aulize mbuzi, aulize mvua, aulize ule mguu wako, ndipo aseme kilichomleta. Lakini hili halikutaka kungoja. Nimekaa kwenye kivuli cha jiko na daftari aliloliacha Akiru, naandika kwa kile Kiswahili changu cha darasa la sita ulichokuwa ukikicheka, wewe uliyefika la nne.

Ulimwacha mtoto akiimba mstari wa nyuma, anajificha nyuma ya wenzake. Sasa ndiye mwalimu wa kwaya huko Kakuma. Anafundisha wasichana wetu pamoja na wale wa kambi ya wakimbizi, wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi, na wote wanamwogopa. Siku ya kuchagua sauti ya zaburi walikuja watu hata kutoka mijini, wenye viatu vya kugonga sakafu. Akiru akaimba mstari mmoja tu, padre akafunga kitabu. Mtaa wetu wote wa Kanamkemer nimeshauambia. Muuza sukari nimemwambia mara tatu. Yule kijana wa boda boda siku hizi ananiwahi kabla sijafungua mdomo, "Najua, Mama Akiru, ni wa kwako."

Ulikuwa unasema sauti ile imetoka upande wenu. Kwenu nani anaimba? Ndugu zako wanapaza sauti kama ngamia anayepakiwa mzigo. Sauti ni yangu, na leo huwezi kubisha, kwa hiyo imekwisha.

Lakini mji huu, Baba Akiru. Mji huu umenitia kichefuchefu.

Wametandaza mabango marefu kando ya barabara ya kutoka uwanja wa ndege ili Papa asituone. Nyumba yetu iko nyuma ya bango moja. Picha yenyewe ni ya Papa akitabasamu, lakini uso umeelekea barabarani, mimi nikitoka mlangoni naona mgongo wa kitambaa na kamba. Miti imepakwa chokaa hadi kiunoni, imesimama kama watoto wa shule waliovaa soksi. Mbuzi wanailamba kisha wanakohoa, na sasa mbuzi nao wamepigwa marufuku mjini mpaka wageni waondoke. Akina mama wanaosuka vikapu wamesukumwa nyuma ya kituo cha mafuta, ati wanachafua njia. Tangu lini majani ya mkoma yakawa uchafu? Na kamati. Kila mtu ana kamati na fulana ya kamati. Kamati ya chakula ilianza kazi mapema kuliko zote, kwa kula.

Haya yote ningeyameza. Papa si ndiye anakuja, na mtoto wangu si ndiye anaimba. Sasa nikuambie lile ambalo siwezi kumeza, na nianze na kosa langu mwenyewe, maana usipolisikia kwangu utalisikia kwa wengine.

Lori la kamati ya urembo lilikuja na mawe. Vijana wakayapanga kando ya barabara, moja moja, kutoka uwanja wa ndege hadi uwanja wa Misa, wakaanza kuyapaka chokaa. Mimi nikasimama pale na shuka langu jipya nikiwasifu. Nikawaambia Lodwar inang'aa kama meno ya binti yangu. Maji ya kuchanganyia chokaa yaliwaishia, na nani akawaletea? Mimi. Mtungi mzima, kutoka nyumbani kwako. Niliwamiminia kwa mkono wangu.

Kesho yake nikachukua tumbaku kidogo nikaja kwako kukupa habari ya mtoto. Sikukuona. Niliona mchanga. Nilizunguka nikidhani nimepotea njia, mimi niliyefika pale mara ngapi. Kisha nikaona alama za magurudumu. Hakuna jiwe hata moja, Baba Akiru. Makaburi yote ya upande ule wa kichakani yamebaki tambarare kama mkeka. Mbwa alikuwa amelala juu yako, na pale miguuni alikuwa ameshaanza kufukua.

Nilimpiga mbwa, ambaye hakuwa na kosa. Kisha nikaketi. Tumbaku ya kukuwekea ilinimwagika mkononi, sikujua niiweke wapi.

Yale mawe si kokoto za mtoni. Kila aliyekuja kukuzika aliweka lake, unajua. Ndugu yako Ekai alilipakata lile jeusi kutoka Lokiriama ndani ya lori la mbuzi, siku nzima, akakataa kulishusha chini. Dada yako wa Kalokol alileta la ziwani, na wiki nzima kaburi lilinuka samaki, watu wakacheka katikati ya kilio. Na mimi niliweka jiwe langu la kusagia. Lile ulilolibeba begani tulipohama kutoka Kakuma, wakati mwenye pikipiki alipokataa kulipakia. Ulitembea nalo kutoka stendi mpaka Kanamkemer, shingo imekunjamana, watu wanakutazama, ukasema, "Mke wangu hasagi kwa jiwe la watu." Nimesaga mtama juu yake mpaka likaingia shimo la mkono wangu. Ulipokufa nilisema, basi, nitakula unga wa dukani, jiwe limfuate mwenyewe.

Nikarudi barabarani, nikaanza kutembea nikitazama chini kama mtu aliyedondosha hirizi. Ukweli ni kwamba yakipakwa chokaa mawe yote yanafanana. La Ekai sijalijua mpaka leo. Lakini langu nililijua. Liko karibu na kituo cha mafuta, mbele ya mlingoti wa bendera. Wamelilaza na shimo juu. Chokaa imejaa pale kwenye shimo, pale ulipokaa unga wa watoto wetu, imeganda, na nzi amekaukia ndani.

Nilitapika. Sikuandikii ili upendezwe na maneno, nilitapika kweli, hapo mbele ya bendera ya Vatikani.

Nilipoanza kulivuta askari akaja. Alikuwa mpole, ndiyo maana hasira zilizidi. Akaniambia, "Mama, acha. Hiyo ni mali ya Papa."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya urembo. Unamjua. Jina lake sitalitia ndani ya barua yako. Alikuja msibani kwako, akaweka jiwe, akala paja la mbuzi na akaomba la kubeba. Alikuwa amekaa chini ya feni, na fulana imemkaza tumbo. Nilimweleza polepole, kwa heshima, kama ulivyonifundisha kuongea na watu wa ofisi. Akasikiliza akichokonoa meno.

"Mama Akiru," akasema, "mawe ni mawe. Misa ikipita nitakuletea lori zima."

Nikamwambia lori la mawe ya watu wengine silitaki, na Misa bado wiki, na mbwa hawangoji Misa.

Akacheka. "Mzee angefurahi. Ni kama amechangia." Kisha akainama mbele, sauti ikawa ya chini, ya kirafiki kabisa. "Binti yako bado anaimba, sivyo?"

Nikafunga mdomo. Mimi. Yule uliyesema atazungumza hata akizikwa, nilitoka ofisini nikisema asante. Njia nzima nilitema mate, na ile asante haikutoka mdomoni.

Nilikata matawi ya miiba nikakufunika. Kila asubuhi nakuja kuyapanga upya, mikono imekuwa kama ya mtu aliyepigana na paka. Nilimpigia Akiru simu. Nikamweleza. Akasema, "Mama, tafadhali. Ngoja Misa ipite." Sikumlaumu, na nilimlaumu. Nilizima simu nikasema kumbe nimezaa sauti tu.

Juzi nikaomba lifti kwenye gari la parokia, nikaenda Kakuma. Sikuenda kugombana. Nilienda kumpelekea kitenge cha kuvaa siku ile, nimekishona mwenyewe. Walikuwa mazoezini chini ya bati, jasho linatiririka, wanaimba vizuri mpaka unataka kukasirika. Kawaida mimi hucheza huko nyuma, nawachekesha. Siku ile nilikaa. Walipopumzika, msichana mmoja wa Kongo, Furaha, mwembamba, sauti nene kama ya mwanamume, akaniuliza mbona leo sichezi, au Papa amenichosha kabla hajafika. Akiru akanitazama kwa macho ya usiseme.

Nikasema. Yote. Hata maji ya mtungi.

Wale wasichana wa Sudan Kusini wakaanza kuelezana kwa lugha yao, na mmoja akajifunika uso. Furaha ndiye aliyeongea, na hakuongea na mimi, aliongea na Akiru.

"Mwalimu, miye baba yangu hakupataka hata jiwe moja. Tulimuacha njiani, tukakimbia. Huyu wa kwako alipata, na watu wameiba. Sasa utaimbaka nini?"

Akiru alikuwa ameshika karatasi ya zaburi. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni. Mdomo wake ukafanya vile wako ulivyokuwa ukifanya ukikataa bei ya mbuzi. Akasema kibali cha kusafiri cha wale wa kambini kinaanza siku moja kabla ya Misa, kwa ajili ya mazoezi ya uwanjani, lakini mazoezi ni mchana. Asubuhi ni yao. Wako arobaini, kila mtu ataokota jiwe moja barabarani, waanzie kituo cha mafuta, waje nayo kwako wakiimba, na fulana za kwaya wamevaa, tuone ni askari gani atakayezuia kwaya ya Papa. Nikamuuliza, na mwenyekiti akikutoa kwenye zaburi?

"Mama," akasema, "basi nitakuwa nimeshamwimbia baba."

Niliyarudisha maneno yale yote niliyosema juu yake nilipozima simu. Huo ukaidi wake naona umetoka upande wenu, nakuachia.

Jana na leo nimepiga simu mpaka salio likaisha. Ekai ameshaondoka Lokiriama, anasema jiwe lake atalijua hata likipakwa dhahabu. Dada yako anakuja na wenzake wa samaki. Majirani wenye wafu wao upande ule watakuja na mikokoteni, kila mmoja amkusanyie wake. Mengine tutakosea, utapata jiwe la mtu na mtu atapata lako, mtavumiliana. Langu sitakosea. Nitalimwagia maji mengi kuliko niliyowapa wale, nitaing'oa ile chokaa kwa kucha mpaka shimo lionekane, kisha nitalilaza kifuani pako kama mwanzo. Hilo nakuahidi. Na tumbaku nitaleta ya kutosha.

Vumilia miiba siku chache, mume wangu. Papa ana mji mzima wa kumngoja Jumapili. Wewe utungoje sisi, jua likichomoza, Jumamosi.