Ngazi ya Mpira

Basi Mama, ile ngazi ya mlango wa mbele wa gari letu, iliyogonga jiwe siku ya arusi tukamalizia njia kwa miguu, mume wangu ameikata leo hapa Likasi. Fundi wa kuchomelea akamuuliza, “Na mama-mukwe? Magoti inamuuma, atapandia wapi?”

“Minye nitamubeba.”

“Weye? Kila siku?”

Mpenzi wangu akakata vipande viwili vya tairi kuukuu, akaining’iniza ngazi kwavyo. Sasa ikigusa jiwe inasogea nyuma, halafu inarudi. Nimeikanyaga wa kwanza, amenishika mkono kama pale kanisani, na moyo wangu umejaa furaha. Magoti yako yapumzike, Mama. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika mpaka mlangoni pako, na utapanda mwenyewe.

Binti yako