Gia ya Kwanza Nyuma ya Fahali

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Leseni imetoka! Mimi, Sellah, nyanya wa wajukuu wanne, dereva halali! Nimemwonyesha mume wangu. Sylvanus ameisogeza hadi puani — macho yamechoka, daktari amemkataza usukani — akasema picha haifanani na mimi. Halafu, kama anayeomba chumvi, akaniambia gari letu, Proboksi, limepata mnunuzi. Wanjala, mkulima wa Lumakanda, anakuja kulichukua Jumamosi mchana. Eti barabara za siku hizi hazina raha: foleni, matuta, kilomita hamsini kwa saa. Eti ananihurumia! Nimesonga obusuma kwa hasira, mwiko nusura uvunjike.

Jumatano, 13 Agosti

Nimechukua gari bila ruhusa. Foleni kutoka sokoni hadi Shirere. Nilidhani nitalia. Wapi! Dirisha chini, redio juu. Michelle wa saluni akanipungia mkono, tukapiga gumzo mpaka foleni ikasogea. Miaka yote hii nimekaa kushoto nikimsikiliza Sylvanus akigombana na malori, sikujua mji wetu ni mzuri hivi.

Matuta nimeyapa majina. La Khayega ni Mama Mkwe — usipomsalimu polepole, utajuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwomba Sylvanus jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla Wanjala hajafika, nimpeleke Malinya kumwona dada yake Pascalia. Amekubali akiguna. Gari nimeliosha hadi chini ya viti. Nalitaka gari hili. Nalitaka sana!

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa kwenye usukani, injini nimezima. Malinya ni pale tu, lakini mbele yetu fahali anapelekwa uwanjani kupigana na fahali mwenzake. Watu barabara nzima, ngoma za isikuti zinalia, filimbi, matawi juu.

Mwanzoni nilifanya ujinga — nilipiga honi. Fahali akageuka! Mwenye fahali akaja dirishani akifoka: "Mama! Ng'ombe ya vita haipigiwangi honi! Ikimalizia hasira kwa gari yako, huko uwanjani itapigana na nini?" Nikaomba radhi.

Sylvanus akacheka hadi akakohoa. Yeye ni mtoto wa Malinya, alikuwa akikimbia nyuma ya mafahali kabla hatujajuana. Akaanza kunielekeza, kwa upole ambao nilikuwa nimeusahau. Gia ya kwanza. Usikanyage mafuta. Mwache fahali aongoze. Tukaenda hivyo, mwendo wa mtu anayetembea — na raha niliyoisikia! Kina mama wakanipigia vigelegele. Mtu akachomeka tawi kwenye waipa. Hata bodaboda hazikuthubutu kunipita. Mimi, Sellah, nimo kwenye msafara wa fahali!

Sasa fahali amesimama kufukua udongo kwa pembe, basi sote tumesimama. Sylvanus amefumba macho, anapiga isikuti kwenye dashibodi. Nimemuuliza kama bado barabara hazina raha. Amezidisha mapigo.

Simu yake inaita. Hawezi kusoma jina, kanipa nimsomee. Wanjala. Nimelitamka kwa sauti.

Ameichukua simu. Ameitia chini ya paja na kuikalia, nayo inaita humo humo. Eti niwashe gari, fahali ameanza kutembea.