Klavie Niliyokuchagulia

Kolwezi, Jumatano

Kwa Yaya Odile, huko Kasaji,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapendo ya mtoto uliyembeba mgongoni mpaka akajifunza kukimbia. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shekina wetu, na kwamba ile homa iliyokushika mvua zilipoanza imekwisha kabisa. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameota? Sisi hapa tunapumua. Simone anakusalimu sana, watoto wanakula kama wanajeshi, na vumbi la malori ya madini linatuingilia mpaka kwenye kopo la chumvi. Mimi mwenyewe mwili hauna shida. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake utaiona ukinisoma polepole.

Utashangaa kuona karatasi. Najua utasema, huyu Sadrack anayeshinda ndani ya simu za watu, leo ameshindwa kumpigia dada yake? Nilipiga, Yaya. Kila ukipokea najikuta nauliza habari za mvua, kisha nakuaga. Na kuandika kwa tableti sikutaka, utajua kwa nini. Basi nimempa Mama Mado, yule anayefuata muhogo huko kwenu, nikamsihi akutie barua hii mkononi kabla ya Jumapili. Nimesikia kwamba siku hiyo, baada ya ibada, utamsimamisha Blandine mbele ya kina mama na kuomba atolewe kwenye kikundi kwa sababu alitoa siri yako. Nakuomba usifanye hivyo kabla hujaimaliza barua hii.

Acha nianzie mbali kidogo. Unakumbuka ulivyokuja kwetu baada ya matanga ya shemeji Ruffin, ukiwa na ile tableti aliyokuachia. Ulikaa kibandani kwangu, kwenye kiti cha wateja, ukalalamika kwamba klavie iliyokuja nayo, zile herufi za kubonyeza kwenye kioo, inashindana nawe. Unaandika wimbo wa kikundi kwa Kiswahili chetu, yenyewe inageuza maneno kuwa Kifaransa bila kukuuliza. Tena herufi ni ndogo, na vidole vyako vya kushona vinagusa mbili kwa mara moja. Mimi nikajiona bwana mkubwa. Nilikwambia klavie ya tableti inabadilishwa kama pazia, ni kuchagua tu.

Tulianza na klavie ya kweli, ile ya kuunganisha bila waya, niliyoazima kwa Mechack jirani yangu. Wewe ulijifunza kupiga mashine shuleni, vidole vyako vinajua A inakaa wapi. Ile ilipangwa kwa mtindo wa Waingereza, ukitafuta A unapata Q. Ulisema ni kama kurudi nyumbani ukakuta mtu amehamisha milango. Tukaiacha, tukaingia kwenye zile za kupakua. Ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa nzuri, lakini kila ukipumzika inakutangazia viatu na michezo ya kamari, ukasema hutaandika jina la Mungu juu ya kamari. Ya pili ilijua Kiswahili, ila kile cha pwani, na kila neno ililokuletea ulicheka ukaniuliza, “Ni nani anasemaka hivi?” Ya tatu ndiyo iliyokuteka moyo. Ilikuwa inajifunza kwa mwenye nayo. Uliandika mistari michache ya wimbo, na baada ya muda mfupi ikawa inakuletea yenyewe “batoto” na “tata” na jina la Shekina. Ulifurahi, na mimi sikuwa nimekuona ukifurahi tangu mazishi.

Kabla ya kukubali kufanya kazi, klavie hiyo ilileta ujumbe mrefu kwa Kifaransa. Miwani yako ilikuwa imebaki nyumbani. Ukanigeuzia tableti ukauliza ule ujumbe unasema nini. Nilikuwa na mteja mwingine mlangoni, nikakwambia ni maneno ya kawaida, bonyeza ndiyo. Ukabonyeza.

Kisha ikaomba akaunti ya kutunzia maneno yako, na wewe hukuwa na imeli. Hapa Kolwezi mafundi tunafanya hivi: mteja asiye na imeli tunamwazima ya kwetu, kazi inaisha, anakwenda zake. Nikaweka yangu, ile ile iliyo kwenye tableti yangu ya kazi. Na kwa kuwa rezo ya Kasaji, huo mtandao wa simu, inakatika ovyo, nikakufundisha uandike ujumbe wako kwanza kwenye ukurasa wa pembeni, uusahihishe, kisha uukopi na kwenda kuubandika WhatsApp rezo ikirudi. Wewe ni mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu wako. Ulifuata hivyo kwa kila ujumbe.

Sasa nije kwenye siku ile ambayo sikuwepo, lakini uliyonieleza kwa simu mpaka naiona. Familia ya Ruffin ilikuja Kasaji kukuachilia, kama inavyotakiwa. Tata Tshilombo, kaka yake mkubwa, alikuwa na ushanga mweupe mfukoni. Angekufunga ule ushanga mkononi, ungekuwa mjane huru, na mtu yeyote angeweza kuja kuzungumza nawe mchana. Kuku alikuwa amekwisha kupikwa. Badala ya kukufunga, Tshilombo alisimama akauliza ni desturi gani hii, koti la ndugu yao bado linaning’inia mlangoni na mwanaume mwingine anafundishwa kupita pembeni yake. Akataja jina la Kabemba, fundi baiskeli wa karibu na stesheni. Watu wakainama. Walikuja na ushanga wakarudi nao, na kuku hawakumgusa.

Uliniambia ukilia kwamba maneno ya koti uliyaandikia Kabemba peke yake, na ukamwonyesha Blandine peke yake kwa sababu mmekua pamoja. Kabemba hawezi kujiharibia mwenyewe, ukasema, basi ni Blandine. Mimi nikasema pole, Yaya. Hata nikaongeza kwamba rafiki wa karibu ndiye wa kuogopwa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, na wewe ukanishukuru.

Simone alikuwa ameketi hapo akichambua maharagwe, naye alikuwa anajua kila kitu. Hakunipigia kelele. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na kuondoka. Juma lililopita Blandine alinipigia. Unajua kwa nini alinichagua mimi? Kwa sababu mimi ni ndugu yako, na alidhani nitamwombea kwako. Aliniambia kwamba ukimwona kisimani unageuza ndoo, na kwamba kwenye kwaya amehamia mwisho wa mstari. Alisema, “Tata Sadrack, umuambie yaya yako, mi sikusema kitu. Kama mi nilisema, Mungu anikate sauti.” Nikamwahidi nitakwambia. Nilipokata simu Simone aliniangalia, akasema, “Wewe utasema, ao mi nitasema.”

Basi nasema. Si Blandine, Yaya. Ni mimi.

Siku moja nilikuwa kibandani nataka kubandika ujumbe wa bei kwa mteja mwenye kioo kilichovunjika. Badala ya bei, yalitokea maneno yako. Nilidhani tableti imeingiwa na wazimu. Kisha nikaelewa: klavie ni ile ile na akaunti ni moja, basi kila unachokopi huko Kasaji kinanifikia huku. Kuitoa akaunti yangu lilikuwa jambo la kumeza mate tu, na kazi hiyo naijua kuliko jina langu. Sikuitoa. Asubuhi nikifungua kibanda nilikuwa naangalia kwanza kama umeandika, ndipo nafagia. Nilijiambia namlinda dada yangu. Uongo, nilikuwa naona utamu wa kujua.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya nyimbo na ya kushona. Baadaye akaja Kabemba. Unajua Ruffin alikuwa nani kwangu. Meza ninayofanyia kazi ni yake, na yeye ndiye aliyenisimamia mbele ya wakwe zangu wakati sikuwa na mtu. Nilipoona unamwandikia mwanaume mwingine kwa tableti ya Ruffin, damu ilinichemka. Na ulipoandika habari za koti, lile familia ilikuachia walipogawa nguo za marehemu, niliona unamcheka. Mimi niliyekuwa sina haki hata ya kuona nukta moja, nikakasirika kama niliyekosewa.

Tata Tshilombo alikuja kuchukua simu yake iliyokuwa inatengenezwa. Akauliza habari za Kasaji, maana safari ya ushanga ilikuwa karibu. Ningeweza kusema ni njema. Nilisema kuna fundi baiskeli anaitwa Kabemba, na kwamba anafundishwa kupita pembeni ya koti la Ruffin. Nilisema kama mtu anayetania, nikijua kabisa nafanya nini. Hakuniuliza nimejuaje. Alidhani umeniambia wewe mwenyewe.

Na kibaya zaidi ni hiki, nakuomba ukae chini ukisoma. Maneno yako nilikuwa nayo yote. Uliandika hivi: “Koti ya Ruffin iko inaninginia ku mulango. Mi sitaiondoa. Kama unanipenda, utazoea kupita pembeni yake.” Mimi nikampelekea mwisho wake, katikati nikaiacha. “Mi sitaiondoa” nikaimeza. Ungekuwa umemsahau Ruffin usingeandika hivyo, na Kabemba angekuwa mtu wa ovyo asingekubali sharti kama lile. Nayajua hayo sasa. Labda hata siku ile nilijua, ila nilitaka safari ivunjike, na ikavunjika. Naona haya, Yaya. Naona haya hata mbele ya watoto wangu, ambao hawajui lolote.

Jana nilikwenda kwa Tshilombo. Nilimweleza kwamba habari zile niliziiba na kwamba nilimpa nusu. Kisha nikamsomea yote, koti na sharti lake. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akanitukana, kwa haki kabisa, akauliza kama na yeye nilimwekea ile klavie. Nilikuwa nimemwekea. Akanipa simu yake niitoe hapo hapo, akisimama nyuma yangu. Kuhusu wewe hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliniambia tu kwamba ushanga bado anao, ndani ya koti lake la safari. Sikuahidi kitu zaidi ya hicho, na wewe usijenge juu yake zaidi ya hicho.

Wateja wote niliowaazima imeli yangu nawaita mmoja mmoja ninyooshe mambo. Wananiuliza kuna tatizo gani, na safari hii nawaeleza. Wawili wamekwisha kuhamia kwa Mechack, na sina la kuwalaumu.

Sasa, Yaya, siku ile uliniuliza swali na mimi sikukujibu. Uliuliza ule ujumbe unasema nini. Unasema hivi: klavie hii inaweza kukusanya kila utakachoandika, hata maneno ya siri na namba zako, je, unamwamini aliyeitengeneza? Ndiyo ujumbe wenyewe. Ningekusomea, ungeniuliza kama huyo mtu ni wa kuaminiwa, na ningekwambia simjui. Sote wawili tungetazama upande wa fundi wa mbali. Fundi wa karibu, aliyekaa pembeni yako na kidole chake juu ya kioo, hakuna aliyekuonya juu yake.

Jumapili usimsimamishe Blandine. Nisimamishe mimi. Soma barua hii mbele ya kina mama, tangu salamu mpaka jina langu, usiruke mahali, hata pale ninapoonekana mbaya. Ukitaka nije niseme mwenyewe nitakuja, hata kwa pikipiki, hata kwa matope. Lakini ukimaliza kusoma kabla ya Jumapili, nenda kwanza kwa Blandine, umwombe msamaha kwa niaba yangu na yako, maana mimi ndiye niliyekufanya umkosee.

Akaunti yangu nimeitoa kwenye tableti yako, nilifanya hivyo kutoka huku. Usishtuke ikikuomba uingie upya. Mama Mado anasafiri na mtoto wake wa kike, Jémima, anayejua kufungua imeli. Akufungulie ya kwako, na akusomee kila ujumbe mpaka mwisho. Klavie ya tableti yenyewe itakugeuzia maneno kuwa Kifaransa, najua, ila itakutosha kwa sasa. Ukiandika jambo leo, mimi huku sioni kitu. Tangu nilipoitoa nimekuwa nikifungua kibanda na kufagia kwanza.

Nisalimie Shekina, umwambie mjomba wake anampenda. Nisalimie Tata Kabemba, kama bado anapita hapo. Simone anasema shati la Shekina ameshalipeleka kwa Mama Mado, litakufikia pamoja na barua hii. Kwa Blandine sithubutu kutuma salamu. Nimemtumia jina langu, lile lililo hapa chini, alitumie anavyotaka.

Ni mimi mdogo wako,

Sadrack